Mluzi wa Nyumba ya Chalula

Enzi zetu mtoto hakuingia jukwaani kabla sauti yake haijamtangulia. Fisi alitanguliwa na ngoma nzito, bibi kizee alitanguliwa na kayamba, na mvua, ambayo ndiyo niliyokuwa mimi, ilitanguliwa na punje za mtama zilizomiminwa polepole juu ya ungo. Hatukuwa na umeme wala spika, na hakuna aliyetuambia kwamba tumepungukiwa. Wazazi waliokaa kwenye mabenchi walijua nani anakuja kabla hawajamwona, na mtoto aliyebebwa mgongoni alianza kulia mara ngoma ya fisi ilipomfikia masikioni. Huo, wenzangu wa rika langu, ndio uliokuwa muziki wa mchezo wa kuigiza.

Ninaandika haya kwa sababu kisa cha mluzi wa nyumba ya Chalula kimekuwa kikisimuliwa harusini na misibani na watu ambao hawakuwepo, na kila kinapofika kijiji kipya kinaota pembe nyingine. Nimesikia kwamba mgeni rasmi alikanyagwa. Nimesikia kwamba darasa lilibomolewa. Kijana mmoja wa Manyoni alinihakikishia, mbele ya watu wazima, kwamba siku ile walikuja tembo. Nilimuuliza habari hiyo ameitoa wapi. Akanijibu, "Ndivyo wanavyosema, mzee." Hao wanaosema sijapata kuwaona hata siku moja. Mimi nilikuwepo, nimekalia debe, ungo mapajani, na nitaeleza nilichokiona na kukisikia. Nisichokiona nitakiacha huko huko kilipo.

Shule yetu ilikuwa bondeni, chini ya mlima wa Kilimatinde, kandokando ya njia iendayo Kintinku. Asubuhi za kiangazi upepo ulishuka kutoka juu ukiwa umebeba vumbi lote la njiani, nasi tulifika shuleni miguu imepauka kama tumepakwa majivu. Tulipangwa mistari, tukakaguliwa kucha, masikio na shingo, na aliyekutwa na uchafu alipelekwa kisimani huku wenzake wakimwimbia. Mifukoni tulikuwa na ubuyu, na msimu ukikubali, karanga. Nyumbani tulikuta ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando yaliyotikiswa ndani ya kibuyu mpaka mkono wa dada ukafa ganzi. Jioni wavulana tulicheza mpira wa matambara, wasichana wakacheza rede, na mtu mzima akitokea mchezo wote ulisimama, shikamoo ikatoka vinywani mwetu kwa pamoja kama amri ya gwaride. Mjukuu wangu Neema, ninayempenda sana, hunipa shikamoo macho yakiwa kwenye simu, kwa hiyo sina hakika kama anayeamkiwa ni mimi au ni hiyo simu.

Mwalimu wetu wa nyimbo alikuwa Mwalimu Damari. Alikuwa mwembamba, sauti yake ndogo, na hakuna aliyethubutu kumchezea. Alikulia Itigi, binti wa mfanyakazi wa reli, na mambo mengi ya dunia aliyaeleza kwa mfano wa treni. Alipotuandalia mchezo wa siku ya wazazi alituuliza swali moja: "Kabla treni haijaonekana, mnasikia nini?" Tukajibu kwamba tunasikia honi. "Na mkishaisikia, mnafanya nini?" Tukajibu kwamba tunageuza shingo. "Basi katika mchezo huu kila mmoja atakuwa na honi yake. Akiwa na furaha italia kwa haraka, akiwa na huzuni italia polepole, na akiwa amepotea italia kwa mbali. Lakini itabaki ile ile, ili mzazi asiyejua kusoma aweze kuisoma kwa masikio."

Akatuagiza kila mmoja alete sauti ya nyumbani kwao. Hadija, ambaye angeigiza binti anayehusika na mchezo wote, alileta mdundo wa mchi kinuni. Mwingine alileta ilimba ya babu yake, yaani marimba ile ya kupigwa kwa vidole gumba, ambayo jioni ikilia hata mbwa hutulia. Mimi nilileta mtama. Zamu ya Yona ilipofika, akasimama, akatazama chini, akapiga mluzi.

Yona alikuwa jirani yangu, mtoto wa Mzee Chalula. Alikuja shule siku ambazo ng'ombe walimruhusu, kwa sababu kaka yake mkubwa alikwisha kwenda kutafuta kazi kwenye reli na zizi lilimtegemea yeye. Hakuwa msemaji. Lakini mluzi ule ulipanda, ukakaa juu kidogo kana kwamba unatazama mbali, ukashuka kwa hatua ndogo ndogo, na mwisho ukaacha nafasi, kama mtu anayengoja kujibiwa. Mwalimu Damari aliweka chaki chini.

"Huo ndio wimbo wa ng'ombe aliyepotea," akasema.

Hapa nawaeleza wasiotoka kwetu. Kwetu kila boma lenye ng'ombe lilikuwa na mluzi wake wa kuwaitia. Baba alimfundisha mwanawe kabla hajampa fimbo, na ng'ombe wa boma moja hawakugeuka kwa mluzi wa boma jingine, hata kama wanakunywa kisima kimoja. Sisi watoto tulilijua jambo hilo kama tulivyojua majina yetu, na kwa sababu hiyo haikutupitia akilini kumwambia mwalimu. Yeye naye, mtoto wa stesheni, hakuwa na sababu ya kuuliza. Isitoshe, tulifanya mazoezi asubuhi, ng'ombe wakiwa mbali mbugani, na mluzi ule ulipigwa mara nyingi pasipo kugeuka hata mbuzi.

Basi ukaingia katika mchezo na kuutawala. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: binti anatumwa kumtafuta ng'ombe mwekundu wa nyumbani, anakutana na bibi kizee, fisi na mvua, anakata tamaa, kisha anampata. Mwanzoni Yona aliupiga mluzi kwa wepesi, ng'ombe akiwa bado zizini. Ng'ombe alipopotea, ilimba iliuchukua wimbo ule ule ikauburuza. Binti alipokaa chini kulia, kwaya iliuvumisha vinywa vikiwa vimefumbwa, chini ya maneno yake, kwa sauti ndogo sana. Hapo ndipo mwalimu alipotutesa. "Mnazifunika sauti," alisema kila siku. "Muziki wa nyuma ni kama mama aliye jikoni. Wageni hawamwoni, lakini wanajua yupo. Sasa nyinyi mnaingia sebuleni na sufuria." Mimi mwenyewe niliambiwa mara kadhaa kwamba mvua yangu ni ya masika na yeye anataka manyunyu.

Ng'ombe mwekundu aliigizwa na Saidi na Petro ndani ya magunia yaliyoshonwa pamoja na kupakwa udongo mwekundu. Saidi alikuwa mbele, Petro nyuma, na walikuwa wakigombana humo ndani kutwa.

"Petro, unanikanyaga."

"Ng'ombe haongei. Tembea."

"Na ng'ombe hali vitunguu. Umekula vitunguu."

Wakati huo sisi tulicheka, lakini Yona alicheka nusu nusu, na sababu yake naijua kwa kuwa nilikuwepo. Mwalimu Damari aliniomba nimwoneshe njia ya kwenda bomani kwa Mzee Chalula, nami nikabaki nimesimama mlangoni mwa zizi wakati wakizungumza. Mzee alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alimpa mwalimu kigoda chake mwenyewe.

"Mzee, mwanao ana akili," mwalimu akaanza.

"Ndiyo maana namtaka," mzee akajibu. "Ng'ombe hawachungwi na mjinga."

"Amebakiza madarasa machache tu."

"Mwalimu, nisikilize. Nimeambiwa huko shuleni mtoto akishajua kusoma anafundishwa kuwacheka ng'ombe. Anaona aibu kunuka zizi. Kaka yake aliondoka hivyo hivyo."

"Nani amekwambia?"

"Watu."

"Basi njoo siku ya wazazi, uone kwa macho yako."

Mzee Chalula akatabasamu kidogo. "Siku hiyo nitakuwa malishoni, mwalimu, kwa sababu mchungaji wangu atakuwa kwako anacheza. Nimempa siku hiyo moja. Kesho yake atashika fimbo, na daftari utalichukua wewe umpe mwingine."

Tuliaga tukaondoka. Njiani mwalimu aliniambia tu niangalie miiba. Yona alijua yote hayo, na tangu siku ile alipiga mluzi wake kama mtu anayekunywa maji ya mwisho kabla ya safari.

Siku ya wazazi ikafika. Tulikuwa tumesimamisha ua wa mabua ya mtama nyuma ya uwanja, na sisi wapiga muziki tukakaa nyuma yake, kwa maana mwalimu hakutaka tuonekane. Mbele waliketi wazazi, akina mama wamevaa kanga zao za sikukuu, na kiti kimoja chenye mikono kilimngoja mgeni rasmi kutoka wilayani. Mchezo ulipangwa uanze mchana. Lakini gari la mgeni lilikwama kwenye mchanga wa korongo, na vijana waliopelekwa kulisukuma walirudi nalo jua likiwa limekwisha kuegemea magharibi. Huo ndio ulikuwa wakati ambao makundi ya ng'ombe hutoka visimani kurudi mabomani, na njia yao ilipita karibu na shule. Hakuna aliyelifikiria hilo. Tulifikiria njaa, kwa kuwa pilau ilikuwa imeahidiwa baada ya mchezo.

Tukaanza. Nasema bila kujisifu kwamba tulicheza vizuri. Kinu kilidunda na Hadija akaingia. Fisi aliwaliza watoto wachanga. Manyunyu yangu yalikuwa manyunyu. Kwaya ilipouvumisha wimbo wa ng'ombe aliyepotea, na Hadija akasema kwa sauti ndogo kwamba harudi nyumbani mikono mitupu, nilichungulia kwenye mabua nikaona bibi mmoja akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha mwalimu akamwinamia Yona na kumnong'oneza maneno aliyokuwa ameyatunza kwa ajili ya siku hiyo: "Sasa, kwa pumzi yote."

Yona akaweka vidole mdomoni, akaupiga mluzi wa nyumba yao kama unavyopigwa mbugani.

Ule mwisho wake, ile nafasi ya kungoja jibu, ulijibiwa. Ng'ombe alilia nje ya uwanja. Wazazi wakapiga makofi, na mama mmoja nikamsikia akimwambia mwenzake, "Hawa watoto wameiweza sauti ya ng'ombe." Saidi na Petro nao wakaingia jukwaani wakiwa ndani ya gunia lao, wakatembea kwa madaha. Akalia wa pili. Akalia wa tatu. Nikamtazama Yona, na uso wake ulikuwa umebadilika, kwa sababu alikuwa amewatambua mmoja mmoja kwa sauti.

Ng'ombe jike mwekundu, kiongozi wa kundi, aliupenya ua wa mabua kama anaingia kwake, na kundi zima likamfuata. Hawakukimbia. Walitembea kwa utulivu wa wageni walioalikwa, wakatupita sisi wapiga muziki, wakaingia jukwaani. Mgeni rasmi hakukanyagwa. Alisimama juu ya kiti, na hilo ni jambo tofauti. Darasa halikubomolewa, yalianguka mabua. Saidi na Petro, ambao hawakuwa wakiona kitu, waliendelea kutembea katikati ya ng'ombe, na Saidi alisikika akisema, "Petro, sasa unanisukuma na kichwa," na Petro, akiwa upande wa pili kabisa, akajibu kwamba yeye hajamgusa.

Mzee Chalula akatokea nyuma ya kundi, amekimbia mpaka pumzi zinamkata, fimbo mkononi.

"Nani anawaita ng'ombe wangu?"

Yona akatoka nyuma ya mabua yaliyobaki.

"Ni mimi, baba."

"Unawaita waje wapi?"

"Nilikuwa simwiti ng'ombe hasa. Ni wimbo wa mchezo. Ni ng'ombe amepotea, anatafutwa."

Mzee alimtazama mwanawe, akatazama ng'ombe wake waliokuwa wamesimama mbele ya wazazi wakicheua, akamtazama mwalimu. Wengine wanasimulia kwamba alilia. Sikuona chozi, na nilikuwa karibu. Nilichokisikia ni hiki: "Mluzi huu ni wa marehemu baba yangu. Mmeufanyia nini?"

"Tumeusimamisha katikati ya hadithi yote, mzee," Mwalimu Damari akajibu, na ile sauti yake ndogo haikutetemeka. "Inaanza nao, inapotea nao, inarudi nao. Wewe umekuta mwisho."

Mzee akafikiri. Akasimika ncha ya fimbo yake ardhini, akachuchumaa pembeni mwa mabenchi, palepale kwenye vumbi. "Kama ni wimbo wa nyumba yangu," akasema, "nitausikia toka mwanzo."

Hakuna aliyemuuliza mgeni rasmi. Alishuka kwenye kiti, akakikalia, na mchezo ukaanza upya, pilau ikingoja. Safari hii tulikuwa na ng'ombe kila upande, na nimeshuhudia katika maisha yangu sherehe nyingi zenye gharama, lakini sijaona jukwaa lililopambwa kama lile. Mluzi mwepesi ulipopigwa mwanzoni, mzee alitikisa kichwa kidogo. Ilimba ilipouburuza, aliacha kutikisa. Kwaya ilipouvumisha chini ya maneno ya Hadija, ng'ombe nao wakatulia, na uwanja mzima ukawa unapumua kwa pamoja. Nilimwona Mzee Chalula ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekezwa kwetu, kama afanyavyo mchungaji anapotafuta upande wa kengele.

Mluzi wa mwisho ulipopigwa, Saidi na Petro hawakuitwa. Jike mwekundu aliinua kichwa, akamwendea Yona, akasimama mbele yake. Hadija, ambaye alikuwa na akili nyingi kuliko sisi wote, alimshika pembe akasema maneno yake ya mwisho kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Saidi alibaki kulalamika mpaka pilau ilipokwisha. "Sisi tumefanya mazoezi siku zote," alisema, "yeye hakuja hata siku moja, na ndiye aliyepigiwa makofi."

Jioni ile niliondoka pamoja na Yona na baba yake, kwa kuwa njia yetu ilikuwa moja. Ng'ombe walitangulia. Kisha mzee akauliza, "Kesho nani anachunga?"

"Mimi, baba," Yona akasema, kwa sauti ambayo sikutaka kuisikia tena.

"Kesho si siku ya shule?"

Yona alimgeukia baba yake, hakuamini. Mzee akamgonga ng'ombe wa nyuma kidogo kwa fimbo. "Waliniambia mnafundishwa kuwacheka," akasema. "Leo nimesikia mnawaimbia." Akanigeukia mimi. "Na wewe, mwambie baba yako nataka tuchanganye makundi, tuchunge kwa zamu."

Walichanganya. Zamu yangu ikawa Jumamosi, na sikuulizwa. Yona alimaliza shule, akasoma zaidi, akawa bwana mifugo, na kwa miaka mingi alizunguka wilayani akichanja ng'ombe wa watu, akinuka zizi bila aibu yoyote. Sasa amestaafu, yuko Itigi. Akinipigia simu hasemi halo. Anapiga mluzi, na mimi namjibu kwa kugonga vidole mezani, manyunyu.

Juzi Neema alinialika shuleni kwao, mjini, kutazama mchezo wa nyimbo. Nilikwenda na koti langu. Kulikuwa na spika mbili ndefu kuniliko, na kijana mmoja aliyefungulia muziki kutoka kwenye kompyuta. Watoto walikuwa wazuri, na mavazi yao yaling'aa kuliko chochote tulichopata kuvaa, hilo nalikiri. Neema alikuwa ndege. Alipoingia kulikuwa na wimbo mmoja, aliporuka kulikuwa na mwingine, aliponaswa mtegoni kulikuwa na wa tatu, uliopigwa kwa nguvu kiasi kwamba maneno yake ya huzuni niliyaona mdomoni tu. Kila wimbo ulikuja, ukapita, haukurudi. Nilikaa mpaka mwisho nikingoja mmoja urudi.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza, "Wimbo wa yule ndege ni upi hasa?"

"Zilikuwa nyingi, Babu. Zimo kwenye flashi."

"Sikuulizi zimo wapi. Nauliza wako ni upi."

Akafikiri, akacheka, akaingia ndani na simu yake. Nilibaki barazani jua likizama. Sikuwa na nia yoyote. Niliweka vidole mdomoni, meno yangu siku hizi hayanisaidii sana, nikaupiga mluzi wa nyumba ya Chalula: ukapanda, ukakaa, ukashuka, ukaacha nafasi yake ya kungoja. Mtaa ule hauna ng'ombe, una bodaboda, na hakuna hata moja iliyogeuka.

Mlango ukafunguliwa. Neema alisimama pale, mikono mitupu, simu ameiacha ndani.

"Babu, umeniita?"

Nikamwambia ndiyo, nimekuita. Akaketi karibu nami, nami nikaanza kumfundisha, kwanza mahali mluzi unapopanda, kisha mahali unapomngoja mtu.